Kemron haikuibwa. Tuliitangaza kabla ya kupima

Wasee, hii ni ndefu. Weka chai. Ilianza na ugomvi kwenye grupu ya WhatsApp ya familia yetu, na nimeamua kuiandika yote badala ya kurekodi video ya sekunde 60, kwa sababu video ya sekunde 60 ndiyo ilituletea shida.

Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nkubu, Meru. Mimi nimekulia Embu mjini. Mama ni wa huku, baba ni wa Meru, kwa hivyo ile barabara ya Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes na Chuka naijua kona kwa kona. Likizo nyingi niliishia kwa shangazi. Yeye ndiye alinizoesha kusoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho, hata matangazo ya vifo.

Miaka sita iliyopita jicho lake moja liliingia ukungu, kisha likapona lenyewe. Mwaka uliofuata miguu ikaanza kufa ganzi, akawa anafundisha ameshika ukuta. Unajua vile mambo huenda. Wengine wakasema amerogwa. Wengine waliona amekonda wakanong'ona ni ukimwi. Alipimwa HIV mara tatu, mara zote hana, na bado wakanong'ona. Ilichukua miaka minne na picha ya MRI ndio daktari akataja jina: MS, yaani maltipo sklerosisi.

Kama hujawahi kuisikia, fikiria waya wa stima. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Neva zetu nazo zina ganda la mafuta linaloitwa myelini, na hilo ganda ndilo hufanya ujumbe wa ubongo ufike haraka machoni, mikononi, miguuni. Kwa mtu wa MS, kinga ya mwili inaliona lile ganda kama adui na kulishambulia. Yaani askari wa boma wanapiga risasi nyumba yao wenyewe. Shika hilo, maana tutalirudia: shida ya MS si kinga dhaifu. Shida ni kinga inayopiga watu wa nyumbani.

Sasa, Desemba iliyopita, anko mmoja akaposti video kwenye grupu. Jamaa amevaa koti jeupe, anauza chupa ya "kuongeza kinga". Inatibu sukari, presha, kansa, na ndio, MS. Chupa moja 8,500, dozi ni chupa tatu. Anko akaanzisha mchango hapo hapo. Kufikia jioni tulikuwa tumefika 17,000.

Mimi nikauliza kitu kimoja tu: imepimwa wapi?

Anko akajibu kwa sauti, ile ya dakika tatu. Nafupisha: "Hata Kemron ilikuwa dawa yetu. Wazungu wakaiua, wakaiba wakatengeneza zao. Nyinyi watoto wa simu hamjui historia."

Enyewe alikuwa sahihi kwa hilo la mwisho. Sikuwa najua. Kwa hivyo nikaenda kusoma. Na kitu nilichokuta kilinishtua: Kemron, ile dawa ya ukimwi iliyotangazwa Kenya 1990, na dawa ya kwanza kabisa iliyokubaliwa kutibu MS, 1993, zinatoka kwenye familia moja ya protini. Ndugu wa damu. Moja ilipita, nyingine ikaanguka. Na sababu sio ile anko alitupatia.

Protini iliyoanza kwenye yai

Turudi 1957, London, kwenye taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill. Mwingereza Alick Isaacs na Mswisi Jean Lindenmann walichukua utando wa ndani wa yai la kuku wakaupaka virusi vya homa ya mafua vilivyouawa kwa joto. Kisha wakajaribu kuambukiza utando huo virusi hai. Havikushika. Seli zilikuwa zimetoa kitu fulani cha kuzuia virusi visizaliane, na ukichukua kile kitu ukapaka utando mwingine, nao unakingwa. Wakakiita interferoni, kutoka neno la Kiingereza la kuingilia na kuvuruga.

Kwa lugha ya mtaa, interferoni ni nduru. Seli ikivamiwa inapiga nduru, majirani wanafunga milango na askari wa kinga wanaamka. Baadaye ikajulikana kwamba nduru ziko za aina nyingi, na tatu ndizo zinatuhusu leo: alfa, beta na gama. Majina yanafanana, lakini kazi zao hazifanani. Hapo ndipo kuna stori yote.

Shida ilikuwa kuipata. Mwili hutengeneza kidogo sana. Huko Helsinki, Mfini Kari Cantell alitumia miaka kukusanya seli nyeupe kutoka damu iliyotolewa na wananchi, anaziambukiza virusi, anakamua interferoni alfa. Maelfu ya lita za damu, na unachopata ni kiduchu, tena si safi.

Interferoni beta nayo ilitoka kwenye seli za ngozi zilizokuzwa maabara. Na seli za ngozi zilizopendwa sana kwa kazi hiyo zilitoka kwenye govi za watoto waliotahiriwa hospitalini. Ndio, umesoma vizuri. Sisi watu wa Meru na Embu tunafanya sherehe, tunachinja mbuzi, kijana anakaa kule kwa wiki kadhaa anafunzwa utu uzima. Kumbe kwingine ile ngozi yenyewe ilipelekwa maabara ikasaidia kufungua siri za kinga ya mwili.

Halafu kukaja kubadilika kwa kila kitu. Kati ya 1979 na 1980, Tadatsugu Taniguchi kule Japani alinakili jeni ya interferoni beta, na Charles Weissmann kule Zurich akafanya hivyo kwa alfa, akaonyesha kwamba bakteria wa kawaida wa utumboni, E. coli, wanaweza kuitengeneza. Unachukua jeni ya binadamu, unaiingiza ndani ya bakteria, unampa chakula na joto, naye anazaana na kukutengenezea protini ya binadamu bila kujua anafanya nini. Ni kama kumpa fundi wa Gikomba mchoro wa suti ya mtu asiyemjua: anashona tu.

Lakini fundi huyo ana mipaka. Bakteria hawawezi kuweka zile sukari ndogo ambazo seli zetu hupachika kwenye beta. Pia protini ilikuwa inajikunja vibaya, kwa hivyo wanasayansi walibadilisha kipande kimoja tu kwenye mnyororo wake, cha 17, ndio ikatulia. Wengine wakatumia seli za hamsta, kale kanyama kanafanana na panya, ambazo zinaweka sukari vizuri. Ndio maana leo kuna interferoni beta za aina mbili, ya bakteria na ya seli za hamsta.

Mpaka hapo tuna protini ya kutosha. Hatuna dawa bado. Hiyo tofauti ndiyo anko wangu anairuka, na hata mimi niliwahi kuiruka.

Nduru mbili za MS

1981, daktari mmoja wa Buffalo, jimbo la New York, anaitwa Lawrence Jacobs, alichapisha jaribio dogo. Wagonjwa 10 wa MS waliwekewa interferoni beta kwenye maji ya uti wa mgongo, na wengine 10 hawakuwekewa, ili walinganishwe. Waliopewa walipata mashambulizi machache zaidi. Watu 20 tu. Jacobs hakuenda redioni kusema MS imekwisha. Kilichofuata ni majaribio zaidi.

Wakati huohuo kulikuwa na wazo lingine, na kwa kweli lilikuwa na mantiki. Wataalamu wengi walishuku kwamba virusi vimehusika kwenye MS. Interferoni gama inapigana na virusi na kuamsha kinga. Basi mbona tusiwape wagonjwa gama? Hillel Panitch na wenzake Marekani wakawapa wagonjwa 18. Matokeo yalitoka 1987: wagonjwa 7 kati ya 18 walipata mashambulizi mapya wakiwa kwenye dawa. Jaribio likasimamishwa. Gama ilikuwa imewaamsha askari walewale wanaopiga risasi nyumba yao.

Soma tena hiyo aya, kisha ukumbuke chupa ya 8,500 ya "kuongeza kinga". Mimi nilipoifikia ilikuwa saa saba usiku, na nilikaa tu nikiangalia ukuta.

Beta ikaendelea polepole. Jaribio kubwa la beta ya bakteria lilikuwa na wagonjwa 372 Marekani na Kanada. Wengine walipewa dawa, wengine sindano isiyo na dawa, na wagonjwa hawakuambiwa ni nani amepewa nini. Waliopewa dozi ya juu walipata mashambulizi pungufu kwa karibu thuluthi moja. Thuluthi. Hakuna aliyepona. Sindano kila baada ya siku moja, homa, ngozi kuwa nyekundu, na baada ya hayo yote, thuluthi. Julai 1993 Marekani wakaikubali. Ikawa dawa ya kwanza duniani ya kupunguza mashambulizi ya MS, na ilikuwa chache kiasi kwamba wagonjwa waliingizwa kwenye bahati nasibu ili kujua nani ataanza kuipata.

Na sisi tulikuwa wapi?

Tulikuwa Muguga, na tulianza na ng'ombe.

Ukikulia Embu ama Meru unajua ule ugonjwa wa kupe, ndigana kali, ambao wakulima wengi huita tu East Coast. Shosho yangu wa Embu alipoteza ng'ombe wawili wa maziwa kwa wiki moja, na mpaka leo akiona kupe anakasirika kama ameona mwizi. Kule Muguga, nje ya Nairobi, watafiti wamepigana na huo ugonjwa kwa miongo. Mojawapo ya kazi zao ni ile chanjo ya Muguga iliyobuniwa miaka ya 70: ng'ombe anapewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, mwili unajifunza, anakingwa. Ilipimwa miaka na miaka, na bado inatumika. Hiyo ni sayansi yetu, na imesimama. Naitaja makusudi, ndio mtu asije akasema hii posti ni ya kudharau Wakenya.

Miaka ya 80, daktari wa mifugo kutoka Texas, Joseph Cummins, alikuwa na wazo kwamba interferoni alfa kidogo sana, ikipitia mdomoni, inaweza kusaidia wanyama. Wakajaribu na watafiti wa Muguga, na mwaka 1990 wakaripoti kwamba dozi hizo ndogo zinaweza kudhibiti ndigana kwa ng'ombe walioambukizwa.

Kutoka hapo wazo likaruka kwa binadamu. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, ilianzishwa 1979, na wakati huo mkurugenzi wake alikuwa Davy Koech. Yeye na Arthur Obel walijaribu alfa ya mdomoni kwa watu wenye HIV. Dozi ilikuwa yuniti 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 anapata yuniti 140 kwa siku, inayeyukia mdomoni. Linganisha: beta ya MS ni yuniti milioni 8 kwa sindano. Jina Kemron lilitoka kwa KEMRI na mwisho wa neno interferoni.

Lakini protini yenyewe haikutengenezwa Kenya. Ilitoka kampuni ya Hayashibara, Okayama, Japani. Njia yao ilikuwa ya ajabu: wanachukua seli za binadamu, wanazipandikiza ndani ya hamsta wachanga, zinakua humo, halafu wanazivuna na kuzifanya zitoe alfa. Hamsta tena. Kwa hivyo hesabu: wazo la daktari wa Texas, protini ya Japani, wagonjwa na madaktari wa Kenya. Ukiniuliza nani aliibia nani, mimi naona tu ushirikiano.

Julai 1990 ripoti za KEMRI zikatoka kwenye toleo la ziada la jarida la East African Medical Journal, na mwezi huohuo Rais Moi akaizindua Kemron mbele ya taifa. Huo ni mwezi wa Saba Saba. Nchi ilikuwa imetoka tu kuona risasi na vitoa machozi barabarani, serikali inatafuta habari njema, na hii hapa habari njema kuliko zote: Mkenya amepata dawa ya ukimwi.

Nilimuuliza guka wa Meru kama anakumbuka. Anakumbuka sana. Alisema siku hiyo watu walisikiliza redio dukani wakapiga makofi, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mungu hajatusahau." Guka akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba yule mzee alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani. Sijui kama mtoto huyo aliwahi kupata dawa yoyote. Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Kwa nini tuliamini

Hapa sitaki mtu aandike kwenye komenti kwamba wazazi wetu walikuwa wajinga. Hawakuwa.

Kisa cha kwanza cha ukimwi Kenya kilijulikana 1984. Kufikia 1990 watu walikuwa wanakufa kila mahali, na dawa iliyokuwepo duniani, AZT, ilikuwa ghali hata kwa Wamarekani. Magazeti ya nje yalikuwa yanaandika kuhusu Afrika kana kwamba sisi ndio ugonjwa wenyewe. Halafu mtu anasimama anasema jibu limetoka Nairobi. Ungekuwa wewe, si ungepiga makofi? Wagonjwa walikuja kutoka nchi nyingine. Wamarekani weusi, ambao walikuwa na sababu zao nzito za kutoamini madaktari wa serikali yao, wakasafiri mpaka hapa kujionea.

Na swali la Koech halikuwa la kipuuzi. Alfa ni protini halisi. Inapigana na virusi kwa kweli, na kwa sindano ilikuwa imeshakubaliwa 1986 kutibu aina moja ya saratani ya damu. Kulikuwa na dalili kwa ng'ombe. Kuuliza kulikuwa sawa kabisa.

Kosa lilikuwa mpangilio. Utafiti uliobeba matumaini mengi zaidi ulikuwa wa wagonjwa wachache na haukuwa na kundi la wagonjwa wa kulinganisha, wanaopewa kidonge kisicho na dawa. Bila kundi hilo huwezi kujua kama mtu amepata nafuu kwa sababu ya protini, au kwa sababu ametunzwa, amekula vizuri, amepata tumaini, au ugonjwa umepumzika kidogo. MS inafanya hivyohivyo, by the way. Jicho la shangazi lilipona lenyewe. Kama angekuwa ameuziwa chupa wiki hiyo, angekuwa leo anaapa kwamba chupa ilimponya, na mimi ningekuwa nawaposti hiyo chupa hapa.

Ukitangaza kwanza, kupima kunakuwa vita. Kila anayeuliza swali anaonekana msaliti. Ndivyo ilivyokuwa.

Walioipima

Hii ndiyo sehemu anko wangu hakuijua, na nilimtumia yote.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilidhamini majaribio Afrika. Lile la kufunga mjadala lilifanywa Kampala. Wagonjwa zaidi ya 500 wenye dalili za HIV, wengine wakapewa alfa ya mdomoni, wengine kidonge kisicho na dawa, na si daktari wala mgonjwa aliyejua nani amepata nini. Waliolisimamia walikuwa pamoja na Elly Katabira, Nelson Sewankambo na Roy Mugerwa wa Makerere. Matokeo: hakuna tofauti. Waliopewa Kemron na waliopewa kidonge kitupu walienda njia moja.

Marekani nako, mwaka 1992 wataalamu wa serikali walipitia ushahidi wakasema haitoshi. Viongozi wa watu weusi wakapiga kelele, serikali ikakubali jaribio lifanyike. Lilikuja kufungwa 1997 kwa kukosa washiriki wa kutosha. Kufikia hapo dawa za mchanganyiko, zile tunaziita ARV, zilikuwa zimeonyesha nguvu zake, nani angebaki kwenye yuniti 140?

Kwa hivyo anko, kwa heshima zote: Kemron haikuuawa na wazungu. Iliangushwa na swali, na swali liliulizwa na Waafrika, kwa wagonjwa Waafrika, hapa jirani tu. Na haikuibwa ikageuzwa dawa ya MS. Ile ni beta, Kemron ni alfa. Na Jacobs alikuwa ameshaanza na beta 1981, miaka tisa kabla ya ile sherehe ya Nairobi. Mimi naona kazi ya kina Katabira ni ya kujivunia kuliko ule uzinduzi. Hakuna aliyewapigia makofi dukani, lakini waliokoa watu wasiendelee kutoa pesa na miaka yao kwa kitu kisichofanya kazi.

Na kuna kingine kinachoniuma. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilisema MS ni ugonjwa wa nchi za baridi, karibu na ikweta ni nadra sana. Ikweta inapita hapa kwetu, pale Nanyuki, na inakatiza kaunti ya Meru. Mwishoni mwa miaka ya 80 jarida lilelile la East African Medical Journal lilichapisha ripoti ya MS Kenya. Ripoti hiyo haikuzinduliwa na rais. Najiuliza, kama tungeisikiliza kama tulivyosikiliza Kemron, shangazi angekaa miaka minne akiitwa mchawi na mgonjwa wa ukimwi?

Protini bado zinatengenezwa

Maabara hazijaacha. Mwaka 2022 timu moja ya Stanford ilichukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa MS, ikasoma jeni za seli zinazotengeneza kingamwili, zile protini za kinga zinazomshika adui, kisha ikazitengeneza upya kwenye maabara moja moja. Walipozijaribu, wakakuta moja inashika protini ya virusi vya Epstein-Barr, na kingamwili hiyohiyo inashika pia protini ya seli zetu za ubongo. Yaani askari alifunzwa sura ya mwizi, kumbe mwizi anafanana na mtoto wa nyumbani. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa wanajeshi wa Marekani, zaidi ya milioni 10, ulionyesha hatari ya MS inapanda kama mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo.

Na hivyo virusi vilionekana mara ya kwanza wapi? Kwenye uvimbe wa mtoto kutoka Uganda, sampuli iliyopelekwa London kwa ndege, mwaka 1964. Afrika Mashariki tumo kwenye hii stori tangu mwanzo, hata bila kuzindua chochote.

Watu wengi wanabeba virusi hivyo na hawapati MS, kwa hivyo hiyo si mwisho wa hadithi. Ninachopenda ni namna walivyofanya. Walitengeneza protini ili waulize swali. Hawakutengeneza protini ili wauze jibu.

Pesa ya mchango

Nilitaka kumaliza kwa kusema nilishinda ugomvi. Sikushinda. Anko bado anaamini Kemron iliibwa, na aliondoka kwenye grupu kwa siku mbili.

Lakini nilikuwa nimesahau kitu: kwa wiki nzima tulikuwa tunabishana kuhusu mwili wa mtu na hakuna aliyemuuliza. Nikampigia shangazi. Akacheka. Alikuwa ameona video kabla yetu sote, na alikuwa ameshampigia yule muuzaji. Alimuuliza maswali kama anayouliza darasa la sita: Hiyo chupa ina nini? Mliwapa watu wangapi? Na wale hamkuwapa, waliendeleaje? Kwa swali la tatu jamaa akakata simu.

"Niambie anko wako," akasema, "hizo 17,000 nazitaka. Kliniki yangu ni mwezi ujao, na nauli ya watu wawili si mchezo."

Pesa ilitumwa. Dawa anayotumia sasa si interferoni, ni nyingine aliyochaguliwa na daktari wake, na siku zingine miguu bado inamgomea. Anafundisha akiwa ameketi. Wanafunzi wamezoea.

Kwa hivyo ukiona video ya chupa kwenye grupu yenu, usianze na "nyinyi mnaamini nini." Anza na swali la tatu la shangazi: na wale hamkuwapa, waliendeleaje? Na ukiwa na guka ama shosho anayekumbuka Julai 1990, mkalishe, muulize Kemron ilisikikaje kwenye redio, halafu uniandikie hapa chini. Nasoma komenti zote.